Kupanga nyumba Arusha: fungua bomba kabla hujafungua pochi

Mimi ni fundi bomba. Nimeingia nyumba za Arusha kuanzia vyumba vya uani vya Unga Limited mpaka majumba ya Njiro yenye geti la umeme, na mara nyingi nimeingia siku mambo yameshaharibika: choo kimefurika, tanki limepasuka, mpangaji na mwenye nyumba hawasalimiani. Mwenyewe nimepanga nyumba saba tangu nishuke stendi mwaka 2009 nikitokea Babati. Kwa hiyo watu wananiuliza, fundi, nyumba nzuri nitaipata wapi? Jibu langu ni moja na huwa linawaudhi kidogo. Nyumba nzuri ni ile uliyokwenda kuiona mara tatu: mchana, usiku, na baada ya mvua.

Safari hii aliyeuliza ni dada mmoja wa Kajiado, Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Namanga, amepata kazi kwenye ofisi moja hapa mjini. Akaniambia anatafuta bedsita, kwao ni chumba kimoja chenye choo na pa kupikia humo humo. Nikacheka. Hapa ukimwambia dalali hivyo anaweza kukupeleka kwenye duka la vitanda. Basi tuanze na maneno, maana ukikosea neno unapelekwa nyumba isiyo yako na hela ya kuonyeshwa umeshatoa.

Chumba kimoja, choo na bafu nje mnashirikiana na wenzako, huitwa chumba cha kawaida, au "singo". Chumba chenye choo na bafu ndani ni masta, wengine wanasema selfu. Chumba na sebule ni hivyo hivyo kinavyosikika, ila uliza choo kiko wapi, maana wapo wanaoita chumba na sebule wakati choo kipo uani na kinatumiwa na familia tano. Nyumba nzima ndani ya uzio wake, bila mwenye nyumba kukaa humo, ndiyo ya kujitegemea. Ukisikia "nyumba ipo ndani ya fensi", usifurahi bado. Uliza fensi hiyo ina nyumba ngapi.

Hela ya kuanzia

Kwao yule dada analipa mwezi mmoja, anaweka na dhamana ya mwezi mmoja, anaingia. Hapa kwetu kodi hulipwa kwa mkupuo: miezi mitatu kama una bahati, sita ndiyo kawaida, na wapo wanaotaka mwaka mzima. Chukua chumba na sebule cha 120,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 720,000. Dalali anataka chake, kodi ya mwezi mmoja, 120,000. Hapo umeshafika 840,000 hujanunua kitasa, hujalipa kirikuu cha kubeba godoro.

Watu wanadhani wenye nyumba ni wakatili. Wengine ndiyo. Lakini nimefanya kazi kwenye nyumba zao zikiwa bado matofali, najua hela inapokwenda. Watu wengi hapa hujenga kwa hela ya mfukoni, mwaka huu msingi, mwaka kesho lenta, bati likija baadaye. Nyumba inapangishwa haijaisha. Kodi yako ya miezi sita ndiyo itakayonunua taili za nyumba ya nyuma. Ukilijua hilo, unajua pia namna ya kuongea naye. Mwaka juzi nilimsindikiza kijana mmoja kwa mama fulani upande wa Moshono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmeiona? Ni miezi sita."

"Tumeiona mama, ni nzuri. Kijana ana ya miezi mitatu mkononi, leo hii. Mingine mitatu ataleta kabla hii haijaisha, tuandike kabisa."

"Mwanangu, fundi wa taili ananidai."

"Anakudai shilingi ngapi?"

Akataja. Ilikuwa chini ya kodi ya miezi mitatu. Kijana akahamia Jumamosi ile ile. Usibishane na bei, tafuta ni nini kinachomharakisha. Na usiombe kupunguziwa kila kitu kwa pamoja. Ukipewa miezi mitatu, kubali bei. Ukilipa mwaka mzima taslimu, hapo ndipo pa kuomba mwezi mmoja wa bure, au angalau apake rangi.

Kuhusu wakati wa kutafuta: epuka Oktoba na Novemba ukiweza, hasa Njiro na maeneo ya jirani, vyuo vinapofungua wanafunzi wanamaliza vyumba. Na upande wa Olmoti, tangu uwanja wa AFCON 2027 uanze kujengwa, kila mwenye nyumba amekuwa mchambuzi wa soka. Ukipanga huko, mkataba useme kodi haipandi mpaka muda ulioandikwa uishe. Usikubali maneno ya mdomo.

Jambo la dola. Nilipofika hapa, mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa bado inafanya kazi mjini, ikaja kufungwa mwisho wa 2015. Wenye nyumba kubwa walizoea wapangaji wa dola, na hata baada ya wale kuondoka, ulimi haukurudi kwenye shilingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo, Mahakama ya Afrika ipo, watalii wapo, basi mtu anakutajia dola kwa nyumba ambayo bomba lake la jikoni limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Tangu kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zitoke, kutangaza au kudai bei ya huduma ya ndani kwa fedha za kigeni hakuruhusiwi. Mwambie kwa upole tu: baba, tuandike kwa shilingi.

Dalali na mwenye nyumba

Dalali si adui. Anajua nyumba ambazo huwezi kuzijua, na wapo waaminifu ninaowapa kazi na wao wananipa kazi. Ila kubaliana naye kabla hamjaanza kutembea: hela ya kuonyesha ni kiasi gani, ni kwa siku au kwa nyumba, na ile ya mwezi mmoja utampa lini. Mimi nasema apewe baada ya funguo kuwa mkononi na mkataba kusainiwa. Anayetaka nusu "ya kushikilia nyumba" kabla hujaonana na mwenye nyumba, mwache. Na picha za simu usiziamini kabisa. Kamera za siku hizi zinafanya korido ionekane ukumbi.

Njia nyingine ya bei nafuu ni miguu. Chagua mtaa, nenda Jumamosi asubuhi, ongea na muuza duka, mama lishe, na vijana wa bodaboda kijiweni. Hao wanajua nani anahama mwisho wa mwezi na kwa nini anahama. Hiyo "kwa nini" ndiyo yenye thamani.

Sasa hapa nina kidonda changu. Mwaka 2014 nilipanga chumba na sebule upande wa Sombetini. Aliyenipokea ni kaka mmoja mcheshi, alikuwa anaishi pale pale, ana funguo, wapangaji wengine wanamwita baba mwenye nyumba. Nikalipa miezi sita. Mwezi wa pili ukaja mwingine, mkubwa wake, na karatasi ya mahakama: yeye ndiye msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yao, na kodi zote zilipaswa kupita kwake. Mdogo mtu hakuonekana tena. Miezi yangu minne ikaenda na maji. Ningeweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini nilikuwa na risiti gani? Karatasi ya daftari, sahihi moja, hakuna shahidi.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi, nakwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, au ofisi ya serikali ya mtaa, nauliza mambo matatu. Nyumba hii ni ya nani? Yupo hai? Kuna ugomvi wa kifamilia? Wanajua. Kwa vyovyote utatakiwa ujitambulishe pale ukihamia, na mgeni wa kutoka nje ya nchi ndiyo kabisa, aende na pasi yake na kibali chake. Basi ukienda mapema unaua ndege wawili. Na unapolipa kwa simu, lile jina linalotokea kabla hujathibitisha, lisome. Kama mwenye nyumba ni mzee fulani na jina lililotokea ni la kijana mwingine, simama hapo hapo uulize.

Maji

Hapa ndipo nitakaa, mnisamehe.

Fika asubuhi mapema au jioni, wakati watu wanatumia maji. Usiulize kama maji yapo. Kila mwenye nyumba atakwambia yapo. Uliza: yanatoka siku gani, na saa ngapi? Halafu muulize mpangaji swali hilo hilo, mwenye nyumba akiwa mbali. Majibu yakitofautiana, chukua la mpangaji.

Fungua bomba la jikoni, fungua la bafuni, kisha vuta maji ya choo, yote kwa pamoja. La jikoni likikauka, mabomba yamebanwa, au tanki liko chini mno na hakuna pampu. Nenda kwenye tanki lenyewe. Tunaita simtanki hata likiwa la kampuni nyingine. Ligonge kwa vidole kuanzia chini kwenda juu. Penye maji sauti ni nzito na butu, patupu panalia kama ngoma. Hapo unajua kilichomo bila kupanda ngazi. Kisha piga hesabu. Mtu mbahili anatumia kama lita 40 kwa siku, akioga kwa ndoo. Mkiwa watu kumi na wawili kwenye ua ni lita 480. Tanki la lita 1,000 linawatosha siku mbili. Kama maji ya bomba ya mamlaka ya maji ya mji yanatoka kila baada ya siku tatu, kila mzunguko mna siku moja ya kubeba madumu. Hilo mwenye nyumba hatakwambia, na pengine hajawahi kulipigia hesabu.

Halafu mita ya maji. Waombe wenzako wafunge mabomba yote kwa dakika tano. Itazame mita: ina kigurudumu kidogo katikati. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji na tanki halijazwi, kuna mahali panavuja, mara nyingi bomba lililopasuka chini ya ardhi, na bili hiyo mtagawana. Nimewahi kuitwa nyumba moja Kijenge, wapangaji wanne wamenuniana miezi miwili, kila mmoja anamshuku mwenzake anafua nguo za mtaa mzima. Kilikuwa kiungo kimoja cha nusu inchi chini ya mchicha wa mama mwenye nyumba. Mchicha ulikuwa umestawi sana, kweli.

Omba kuona ankara ya mwisho. Deni la maji linakaa kwenye akaunti ya nyumba. Mpangaji wa zamani anaweza kuhama na kuliacha, na mafundi wa kukata maji hawatakuuliza ulihamia lini.

Na sasa floraidi, madini yanayoyeyuka ndani ya maji bila kuonekana. Wageni wengi hawalijui neno hili mpaka mtoto aote meno. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano na yamebeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima na chemchemi za huku zinazopita hapo mara kadhaa. Ikizidi kwa mtoto, meno ya ukubwani yanatoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, inaharibu mpaka mifupa. Kuchemsha hakusaidii, tena kunaongeza, kwa kuwa maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki. Chujio la kitambaa na vidonge vya kuua vijidudu haviigusi pia. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, lile ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelifanyia kazi miaka mingi, au maji ya mvua, au kununua maji ya kunywa na kupikia.

Namna ya kujua bila maabara? Hakuna ya uhakika. Ila uliza nyumba inatumia maji ya mamlaka au ya kisima cha mtu binafsi, na kama ni kisima, uliza kama yamewahi kupimwa na uone karatasi. Kisha tazama meno ya watoto waliozaliwa na kukulia mtaa huo wakicheka. Usiwanyooshee kidole, watoto wa watu. Tazama tu. Kama una mtoto wa chini ya miaka minane, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, weka gharama ya maji ya kunywa kwenye bajeti ya kodi. Ukiwa peke yako mtu mzima, hofu yako ni ndogo zaidi, usikimbie nyumba nzuri kwa ajili hiyo.

Luku

Luku ni mita ya umeme wa kulipia kabla. Uliza swali moja: Luku hii inahudumia vyumba vingapi? Ukijibiwa "yako peke yako", funga swichi kubwa ya kwako na uone kama taa ya jirani imezimika.

Luku ya kushirikiana ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kuliko wizi wa kuku. Mmoja ana friji, mwingine ana taa mbili na redio, mnachanga sawa. Tena kuna jambo la kodi ya majengo, ambayo hukatwa kwenye Luku, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Basi nimeona ua mmoja Ngarenaro tarehe mosi watu wanakaa gizani, kila mmoja anamsubiri mwenzake awe wa kwanza kununua. Watu wazima, wana kazi zao. Kodi ile kwa haki ni ya mwenye nyumba. Mwambie mapema aipunguze kwenye kodi yako ya pango, na mliandike hilo. 1,500 kwa miezi kumi na mbili ni 18,000, si hela ya kutupa.

Kuna pia ile tarifa ya watumiaji wadogo, shilingi 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Dalali akikwambia "umeme wa hapa ni wa bei rahisi", muulize vyumba vingapi. Vyumba sita kwenye mita moja haviwezi kubaki kwenye uniti 75. Mkipitiliza mnapandishwa, na bei inakuwa karibu mara tatu au zaidi. Suluhisho ni mita ndogo za kugawia, kila mlango na yake. Fundi umeme anazifunga kwa siku moja.

Shimo

Mabomba ya majitaka ya mjini hayafiki kila mahali, nyumba nyingi zina shimo lake. Uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho na nani alilipa gari la kunyonya. Kisha fanya hivi: mwaga ndoo mbili za lita ishirini kwenye choo, moja baada ya nyingine, usikilize. Maji yakishuka moja kwa moja, sawa. Choo kikikoroma, yaani kikitoa ile sauti ya glo-glo na maji yakapanda kidogo kabla ya kushuka, shimo limejaa au bomba la hewa limeziba. Nimewaambia watu hivi miaka yote na wanaona aibu kumwaga ndoo kwenye nyumba ya watu. Aibu ya ndoo ni ya dakika moja.

Mvua, korongo na baridi

Arusha imekaa chini ya mlima, maji ya mlima lazima yapite mahali. Ipo mito kama Naura, Themi na Burka, na yapo makorongo mengi yasiyo na jina ambayo hukauka miezi mingi, watoto wanacheza mpira humo. Masika, Machi mpaka Mei, yanaweza kushuka kwa saa moja yakiwa yamebeba mawe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini nyumba zipo, na zinapangishwa bei nzuri. Bei nzuri ina sababu. Tazama ukuta wa nje karibu na ardhi: mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa rula ni maji yalipofikia. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu, na juu ni ile ya zamani, uliza kwa nini.

Rudi baada ya mvua uone na njia. Kuna mitaa ya pembezoni, Muriet na kule, ambako kiangazi unakula vumbi na masika bajaji inakuteremsha lami, unamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Kama unatoka kazini saa mbili usiku, hilo lina uzito kuliko jipsamu ya dari. Pima pia nauli: daladala mbili kwenda na mbili kurudi kila siku zinaweza kumeza ile nafuu uliyoipata kwa kukaa mbali.

Baridi wageni wanaidharau. Mji upo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Ilboru unaongeza. Juni mpaka Agosti nyumba isiyo na dari ni friji, na ukuta usiopata jua unaota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Sogeza kabati uone. Vuta pumzi ndani ya chumba kilichofungwa: ukinusa kama gunia lililolowa, watoto watakohoa hapo Julai yote. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale chumbani na nyinyi. Hewa yake yenye sumu haina harufu na haimwamshi mtu. Nunua blanketi.

Usiku nenda mara moja, saa mbili au tatu. Baa iliyokuwa kimya mchana, utaijua.

Karatasi

Mkataba uwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya pande zote, kiasi, kipindi, tarehe ya kuanza na kumaliza. Hayo kila mtu anayaandika. Yanayosahaulika ni haya: ukitaka kuhama kabla ya muda unarudishiwa nini, nyumba ikiuzwa wewe unakwenda wapi, kitu kikiharibika nani anamwita fundi. Hili la mwisho ndilo langu. Weka mpaka: tanki, pampu, shimo, bati na nyaya za ukutani ni za mwenye nyumba, balbu, koki uliyoivunja na kitasa ni vyako. Ukitengeneza cha kwake kwa hela yako, pata ruhusa yake kwa ujumbe wa simu, tunza risiti, mkatane kwenye kodi. Nimetengeneza pampu ngapi ambazo mpangaji hakurudishiwa hela kwa sababu walikubaliana "kwa mdomo, sisi ni kama ndugu". Mashahidi wawe wawili, mmoja wako, mmoja wake, na mkataba mpeleke ofisi ya mtaa ugongwe muhuri.

Mwenye nyumba akikataa kuandika hata mstari mmoja, hajakataa mkataba, amekukataa wewe mapema. Mshukuru uende.

Siku ya kuhamia, kabla kitanda hakijaingia, piga picha: namba ya mita ya maji, uniti za Luku, nyufa, vioo vilivyopasuka, sinki lenye kutu. Zitume kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye simu yake. Badilisha silinda ya kitasa. Funguo za zamani zimepita mikono mingi, ya dalali ikiwemo.

Yule dada wa Kajiado alipata masta Sanawari. Alikuwa na haraka, kazi inaanza Jumatatu, akaiona mara moja, mchana, jua kali. Alifanya vizuri mengi: mtaa aliuliza, mkataba aliandika, picha alipiga. Jumanne saa nne usiku simu yangu ikaita.

"Fundi, samahani kwa usumbufu. Choo kinakoroma."

"Ulimwaga ndoo mbili?"

Kimya. Nikasikia kwa nyuma kile choo kikikoroma kweli, glo-glo, kama mzee aliyeshiba.

"Nitakuja saa moja asubuhi," nikamwambia. "Mpigie mwenye nyumba usiku huu huu, na usimwambie umepata fundi mpaka akubali kulipa gari."